Mtoto Humwangalia Panya, Mzee Humwangalia Paka

Mtu mzima akikutwa mbele ya televisheni anacheka katuni, hasa akiwa mtu wa heshima zake, mwenye kofia ya viua na mvi mbili tatu za ndevu, jambo la kwanza atakalofanya ni kutafuta udhuru. Atasema ameketi na wajukuu. Atasema anangojea taarifa ya habari. Hatakubali asilani kwamba ameketi pale kwa hiari yake, na kwamba tangu paka alipoanza kumkimbiza panya, yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko watoto wote.

Haya hiyo siielewi. Katuni za zamani, zile zilizochorwa kwa mkono kabla wengi wetu hatujazaliwa, zimedumu kwa sababu isiyohusu utoto peke yake. Leo, kwa idhini yako msomaji, nataka nieleze sababu hiyo, na nitaieleza kwa mfano nilioukuta mbali na pwani yetu, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Huko ndiko nilikofahamu kwamba katuni moja yaweza kuwa na watazamaji wa namna tatu, wote wamekaza macho kwenye kioo kimoja, na kila mmoja anaona kisa chake.

NYUMBA IMO NDANI YA KAZI

Sisi wa Mombasa twaijua Kericho kwa jina na kwa ladha. Chai yake hutushukia kila wiki, kwani mnada wa chai ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Kenya na ya majirani zake hupigiwa bei hapa kwetu. Lakini wachache wetu wamewahi kupanda kwenda kuitazama inakotoka. Ni safari ya zaidi ya kilomita 700. Ukishaipita Nakuru njia inapanda, hewa inakuwa baridi, na punde si punde vilima vyote vinageuka kijani cha aina moja, kana kwamba vimenyolewa na kinyozi mmoja. Mvua huko ni ya karibu kila alasiri, na mara nyingi ni mvua ya mawe.

Chai ilianza kulimwa huko kwa biashara katika miaka ya 1920, na makampuni makubwa kutoka Uingereza. Pembeni mwa mashamba hayo makubwa, na hasa upande wa Bomet ambayo ilikatwa kutoka wilaya ya Kericho mwaka 1992 na sasa ni kaunti, wako wakulima wadogo wenye vishamba vyao wenyewe. Hao huchuma majani, huyabeba mpaka kituo cha kununulia, na hungojea bonasi ya kila mwaka kama sisi tunavyongojea mwezi wa Idi.

Wafanyakazi wa mashamba makubwa wana maisha mengine. Wao hukaa kambini, katika nyumba za kampuni zilizopangwa safu kwa safu. Wenyeji ni Wakipsigis, lakini kambini utawakuta pia Wakisii, Wajaluo na Waluhya, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha kisimani na dukani. Hapo kuna jambo moja ambalo mtu wa pwani, mwenye nyumba ya baba yake Kibokoni au Majengo, hana budi kulitia akilini. Nyumba ya kambini imo ndani ya kazi. Kazi ikikatika, nyumba nayo imekatika. Mtu akigombana na nyapara leo, kesho mkewe afunga virago.

Nakuomba uliweke jambo hilo moyoni, maana bila hilo hutafahamu kwa nini wazee wa Kericho humcheka paka.

ALASIRI YA MVUA LITEIN

Litein ni mji mdogo wa kaunti ya Kericho, upande wa kuelekea Bomet. Nilikuwa huko kwa shughuli zangu, na mvua iliponikuta nikaingia katika hoteli moja ya chai na maandazi. Ndani walikuwamo watu wengi waliokuja kujibanza kama mimi. Walikuwapo watoto wa shule, vijana wa bodaboda, kina mama waliotoka kituo cha majani na vikapu vyao, na wazee wawili watatu wenye makoti mazito. Ukutani palikuwa na televisheni, na katika televisheni palikuwa na paka na panya.

Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu hata sauti ya televisheni haikusikika hata kidogo. Hakuna aliyelalamika. Huko Kenya filamu za mapigano hupenda kufasiriwa kwa Kiswahili na watu kama DJ Afro, ambaye amejipatia jina kubwa kwa kazi hiyo, na katika vibanda vya video mfasiri akikosekana watu hunung'unika. Lakini paka akimkimbiza panya, mfasiri wa nini? Waliokuwamo mle ndani walikuwa na lugha za mama nne au tano baina yao, na wote walicheka kwa dakika moja ile ile.

Filamu yenyewe niliitambua. Ilikuwa ile ya kwanza kabisa ya Tom na Jerry, iliyotolewa Marekani mwezi wa Februari 1940, wakati hata majina hayo bado hayajapatikana, na paka aliitwa Jasper. Kisa chake ni hiki. Paka amevunja chombo ndani ya nyumba. Mtumishi wa nyumba ile, mwanamke mweusi mnene, amemwonya kwa ukali kwamba akivunja kitu kimoja zaidi atatupwa nje. Panya amesikia. Basi tangu hapo, kila paka akimkaribia, panya hunyanyua glasi na kuonyesha kwamba ataiachia. Paka mkubwa, mwenye makucha na meno, anageuka mtumwa wa kipanya. Hudaka glasi, hudaka sahani, huzipanga mikononi zikafika juu, jasho linamtoka, mpaka mwisho zinaporomoka na yeye anatupwa nje. Panya anabaki ndani.

Watoto walikuwa wamesimama karibu na kioo, na kila glasi ilipoanguka walipiga makofi. Walikuwa upande wa panya, wote bila ya hitilafu. Lakini nilipogeuka nikaona kwamba wazee hawakucheka mahali pale pale walipocheka watoto. Wao walicheka pale paka aliposimama na vyombo mikononi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Jirani yangu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kuchuma chai baada ya miaka mingi kambini. Nikamwuliza:

"Mzee wangu, wamcheka panya au paka?"

"Panya ni wa watoto," akanijibu. "Mimi naangalia huyu paka. Huyu ni mtu wa kazi. Ameambiwa akivunja kitu anafukuzwa, na akifukuzwa atalala wapi kwa mvua kama hii?"

Kisha akacheka tena, kicheko cha mtu anayekumbuka.

UFUNDI WA KUMPENDEZA MKUBWA NA MDOGO

Hapo ndipo nilipopata jibu ambalo vitabu havikunipa. Mtoto humwangalia panya kwa sababu yeye mwenyewe ni mdogo. Dunia yake imejaa watu wakubwa wanaomwamrisha ale, alale, avae viatu. Akimwona kiumbe mdogo amemshinda mkubwa kwa akili, roho yake inapata nafuu. Mtu mzima ameshauacha udogo huo, lakini ameingia katika taabu nyingine. Ana mwajiri, ana deni, ana mtoto wa mtu mwingine anayemtia katika lawama asiyoitafuta. Yeye amekuwa paka. Yuko baina ya panya anayemchokoza na sauti ya juu inayomtisha. Filamu ni moja, dakika ni zile zile, lakini mtu akikua huhamia upande wa pili wa chumba.

Waliofanya filamu hizo walilijua jambo hili, kwa sababu hawakuwa wakichora kwa ajili ya watoto. Katika miaka ile katuni fupi zilitengenezwa zitangulie filamu kuu katika majumba ya sinema, mbele ya watu wa rika zote. Wazee wa Mombasa na Unguja wanayakumbuka mambo hayo vizuri, kwamba taa zikizimwa, kabla ya mchezo wenyewe kuanza, ilikuja kwanza katuni ya kuwatoa watu uchovu. William Hanna na Joseph Barbera, mabwana wawili walioanzisha Tom na Jerry, walijua kwamba baba aliyelipa tikiti ameketi pale pale na mwanawe, na kwamba lazima wote wawili watoke wameridhika. Kwa muda wa miaka 18 walitoa filamu 114 za paka na panya, na 7 kati ya hizo zikapata tuzo ya Oscar.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira kama ya kudarizi kofia. Sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde moja. Katuni ya dakika 7 basi inahitaji picha 10,080. Hata pale mchoro mmoja uliporudiwa mara mbili ili kupunguza gharama, bado ni maelfu ya michoro. Kila mmoja ulichorwa kwa penseli, ukanakiliwa kwa wino juu ya karatasi ya plastiki inayopenya nuru, ukapakwa rangi kwa nyuma, kisha ukapigwa picha juu ya mandhari iliyochorwa mbali. Barbera alibuni vituko na kuchora. Hanna alipima wakati, kwani mzaha ukichelewa hata nusu sekunde umekufa. Na kwa kuwa wahusika hawasemi, mtunzi wa muziki, Scott Bradley, alifanya ala ziseme kwa niaba yao. Ndiyo maana filamu ya mwaka 1940 inaweza kufahamika Litein, tena bila hata huo muziki.

WALISEMA HATUTAFAHAMU

Kuna wakati wakubwa wa serikali ya kikoloni walisadiki kwamba sisi hatuwezi kufahamu mambo kama haya. Habari hii inagusa mashamba na inagusa pwani, kwa hiyo inafaa kukumbukwa.

Katika miaka ya 1920 Mwingereza mmoja aitwaye Notcutt, aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge Afrika ya Mashariki, alifikiri kwamba sinema ya shambani ingeweza kuwafanya wafanyakazi watulie na kuridhika. Fikira hiyo ilikua, na kati ya mwaka 1935 na 1937 ukafanywa mradi mkubwa wa kujaribu sinema ya mafunzo kwa Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara mkoani Tanga. Walitengeneza filamu 35, na gari likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi, likiwa na mashine yake na kitambaa cheupe. Baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza ikaunda idara maalumu ya filamu za makoloni. Mkubwa wake, William Sellers, alishikilia kwamba filamu ya Mwafrika lazima iende polepole, isiwe na ujanja wa kamera, na isirukeruke kutoka jambo moja hadi jingine, kwa kuwa akili ya mtazamaji haitafuata.

Sasa mwangalie paka wa katuni hizi za zamani. Anabonyea kama chapati, anajikunjua, anapita tundu la ufunguo, anapigwa na kinu kichwani na anaamka. Hakuna filamu zinazorukaruka kuliko hizo. Na mzee wa kambini, ambaye kwa hesabu za Bwana Sellers asingefuata, hakufuata tu bali alikiona kilichomo ndani yake zile. Alikuwa ameshavikuta viumbe vya namna hiyo zamani, kabla umeme haujafika kijijini.

Maana Wakipsigis wana hadithi zao za sungura, ambaye wao humwita kiplengwet, mdogo wa mwili na mkubwa wa hila, anayewacheza shere fisi na tembo. Sisi pwani tunaye sungura yule yule, na zaidi ya huyo tunaye Abunuwasi, aliyetujia kutoka Baghdad ya Khalifa Harun Rashid na akageuka Mswahili kamili kwa jinsi bibi zetu walivyomsimulia. Mtu aliyelelewa na hadithi hizo akikutana na Jerry hakutani na mgeni.

Notcutt alitaka sinema iwatulize watu wa shamba. Lakini mtazamaji hakodishwi macho. Ukimwekea mfanyakazi katuni ili asahau taabu za kutwa, yeye huiona taabu ile ile kiooni, na akishaiona nje ya nafsi yake anaweza kuicheka. Hiyo ndiyo faida kubwa ya katuni kwa mtu mzima. Haimwondolei mzigo, ila humpa nafasi ya kuutua kwa dakika saba na kuutazama una umbo gani.

JUHA WETU

Msomaji aweza kuuliza, je, lazima tucheke kwa paka wa Marekani? La, si lazima, wala hatukungojea Wamarekani. Magazeti yetu yana katuni zake zilizozeeka vizuri. Marehemu Edward Gitau, aliyefariki mwaka 2016, alimchora Juha Kalulu kwa zaidi ya nusu karne, na kwa miaka mingi alikuwa akitoka katika Taifa Leo. Jina lenyewe ni safari. Juha ni yule yule wa ngano za Waarabu, ndugu wa Hoja Nasreddin wa Waturuki, ambaye kwetu amekuwa neno la kumwita kila mpumbavu. Kalulu ni sungura katika lugha za Malawi na Zambia. Mpumbavu na mwerevu wakaungana katika mtu mmoja, na huyo akawa rafiki wa wasomaji kutoka Lamu hadi Kericho. Wapo watu waliofungua gazeti kwa nyuma kwa sababu yake, wakaicheka picha kwanza, halafu ndipo wakarudi kwenye habari za serikali.

Wala asidhani mtu kwamba mashariki haina sehemu katika asili ya sanaa hii. Filamu ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia ilitolewa mwaka 1926, miaka 11 kabla ya filamu ndefu ya kwanza ya Walt Disney. Ilitengenezwa Ujerumani na mwanamke aitwaye Lotte Reiniger, aliyekata vivuli vya karatasi nyeusi kwa mkasi na kuvisogeza kidogo kidogo mbele ya kamera kwa muda wa miaka mitatu. Na kisa alichokichagua ni cha mwana wa mfalme Ahmed, kilichotolewa katika Alfu Lela Ulela. Hadithi ambazo wazee wetu walizisoma barazani ndizo zilizoipa sanaa hii mtaji wake wa kwanza mkubwa.

MWANAMKE ASIYE NA USO

Nimesema watazamaji ni wa namna tatu, na mpaka hapa nimewataja wawili. Wa tatu nimemweka nyuma kwa sababu yeye ndiye aliyenipa mawazo mengi zaidi.

Katika hoteli ile ya Litein alikuwapo mama mmoja aliyeajiriwa kuosha vyombo. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono imelowa, anatazama. Hakumcheka panya wala paka. Sahani zilipoporomoka na watu wote wakaangua kicheko, yeye alitikisa kichwa akasema, "Na huyo mama ndiye atakayezoa." Kisha akarudi ndani.

Naam. Yumo mtu wa tatu katika katuni ile, naye ni yule mtumishi. Katika filamu nyingi za Tom na Jerry za miaka ile anaonekana, na karibu kila mara huonyeshwa kutoka kiunoni kwenda chini, sapatu miguuni na ufagio mkononi. Uso hana. Sauti yake ilitolewa na mwigizaji mweusi, Lillian Randolph, na jina lake halikuandikwa katika orodha ya waliofanya kazi. Umbo lake, matamshi yake na hasira zake zilichorwa ili weupe wawacheke weusi. Watetezi wa haki za watu weusi wa Marekani walilalamika, na baada ya mwaka 1952 hakuonekana tena. Miaka ya 1960, filamu zilipopelekwa katika televisheni, baadhi ya sehemu zake zilichorwa upya akawekwa mwanamke mweupe mahali pake. Mwaka 2014 moja ya kampuni zinazouza filamu hizo kwa mtandao iliweka onyo kwamba ndani yake mna dharau za rangi.

Mimi sitaki filamu hizo zichomwe, wala sitaki mama yule afutwe na kupakwa rangi nyingine. Kumfuta ni kumdhulumu mara ya pili. Lakini nasema kwamba mtoto wa Kiafrika akiachwa peke yake mbele ya picha kama hiyo, atacheka kinachomcheka yeye, na hakuna atakayemwambia.

Dini yetu haikuharamisha mzaha. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifanya mzaha na masahaba wake, na hakusema ndani yake ila kweli. Kisa cha bikizee aliyeambiwa kwamba wazee hawaingii Peponi kinajulikana na kila mtoto wa chuoni. Bibi yule alilia, na hakuachwa na machozi yake, bali alijulishwa kwamba ataingia akiwa amerudishiwa ujana. Huo ni mzaha unaomrudisha mtu palipo bora kuliko alipokuwa. Lakini katika Suratul Hujurat tumekatazwa watu kuwadharau watu wengine, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora zaidi. Mpaka baina ya mambo hayo mawili ndio mpaka wa katuni njema na katuni mbaya.

Na jambo hili si la vitabuni tu katika nchi ya chai. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, makambi ya chai ya Kericho yalivamiwa. Wafanyakazi wa makabila mengine walipigwa, wako waliouawa, nyumba zikachomwa, na wengi wakakimbia na nguo walizovaa. Walikuwa majirani, waliochota maji bomba moja na bila shaka waliwahi kucheka pamoja. Kucheka pamoja, basi, hakutoshi kuwa kinga. Inategemea mnamcheka nani. Kambi yenye makabila manne ina utani wake mwingi, na utani mwema ni chumvi ya ujirani. Lakini ukishamwondoa jirani uso, ukambakishia matamshi yake na sapatu zake tu, umeanza kazi ambayo wengine wataimaliza kwa moto.

TUKETI NAO

Wako wanavyuoni wasiopenda picha za viumbe kabisa, na mimi si mufti wa kuamua baina yao. Nasema na wale ambao televisheni imekwisha kuingia nyumbani mwao, au simu yenye picha imekwisha kuingia mkononi mwa mtoto. Kwao nina neno moja. Msiwaachie watoto katuni za zamani kama mnavyomwachia mtoto chombo cha kuchezea. Ketini nao.

Zamani haikuwa shida, kwa sababu kioo kilikuwa kimoja. Jumba la sinema lilikuwa na pazia moja, ukumbi wa kambi ulikuwa na televisheni moja, na babu na mjukuu walilazimika kutazama pamoja, wakapenda wasipende. Leo kila mtu ana kijioo chake mfukoni. Mtoto atamwona panya, na hatajua kamwe kwamba babu yake alikuwa akimwangalia paka. Hatajua kwamba babu aliwahi kusimama na sahani mikononi mbele ya mwajiri, akiogopa kupumua. Siri za namna hiyo mzee hazisemi kwa kuulizwa. Humtoka anapocheka.

Vilevile tuwape vya kwetu. Tanzania na Kenya sasa zina wachoraji wanaoweza kazi hii. Mwaka 2010 visa vya wanyama wa Tinga Tinga, vilivyotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa marehemu Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, vilionyeshwa Uingereza na watoto wa huko wakavipenda. Tangu mwaka 2014 watoto wetu wana Ubongo Kids, katuni ya Dar es Salaam inayofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Hizo ni changa. Zitakuwa za zamani siku moja, iwapo wazazi watazicheka nazo, maana katuni haizeeki kwa miaka peke yake. Huzeeka kwa kupokezwa, kama kanzu ya harusi.

Nami kila nikiiona filamu ile sasa, namtazama panya kidogo kwa ajili ya utoto wangu, namtazama paka kwa ajili ya mzee wa Litein, halafu nangojea zile sapatu ziingie. Nikiwa na watoto, nawauliza swali dogo kabla mvunjiko haujaisha: hizo sahani, nani atakayezoa? Wengine hunyamaza. Juzi mmoja aliniashiria jikoni, akalitaja jina la dada anayetufanyia kazi, kisha akainuka kwenda kumwita aje atazame nasi.